Chokaa ndani ya kopo: kisa cha karakana ya darubini Mji Mkongwe

Kisa hiki ni cha familia moja ya Mji Mkongwe wa Unguja, iliyotengeneza na kukarabati miwani, darubini na vyombo vya mabaharia kwa vizazi vitatu ndani ya nyumba moja. Majina, mtaa na kila alama ya kuwatambulisha nimeviondoa, na mambo machache madogo nimeyageuza kwa makusudi. Mimi niliingia katikati. Binti wa familia aliniita nimsaidie kuorodhesha vifaa vya karakana baada ya baba yao kufariki. Yaliyotangulia nimeyapata kwao na kwenye daftari zao, na yaliyofuata nimeyaona kwa macho yangu.

Nitawaita hivi: Babu, mwanzilishi; Mzee, mwanawe wa pekee; Bi Mkubwa, mjane wa Mzee; na watoto wanne: Kaka Mkubwa aliyeshika ufundi, Dada ambaye ni mwalimu wa skuli, Kaka Mdogo anayefanya kazi Dubai, na Dada Mdogo aliyeolewa Pemba.

Babu, pepo mbili na meza ya dirishani

Babu alianza kwa sonara, akivuta nyuzi za fedha. Kijana bado, kabla ya Vita Vikuu vya Pili, alipanda jahazi hadi Bombay, akakaa huko miaka kadhaa kwa fundi wa vyombo vya baharini. Aliporudi alinunua nyumba na kufungua duka chini, familia ikakaa juu.

Bandari ya Unguja wakati huo ilikuwa ikiishi kwa pepo mbili. Kaskazi ilileta majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi kuanzia Disemba, na kusi ikishika mnamo Aprili yakaanza kuondoka. Kazi ya Babu ilikwenda na pepo hizo. Manahodha walimletea darubini zilizoingia maji ya chumvi, dira zilizovuja, na sekstanti, chombo cha kupimia pembe ya jua na upeo wa macho, ambazo vioo vyake vilikuwa vimebabuka fedha mgongoni. Ilimbidi amalize kabla upepo haujageuka, maana nahodha hamsubiri fundi. Majahazi yakiondoka, Babu alirudi kwenye miwani.

Darubini ndogo aliweza kuitengeneza tangu mwanzo. Bati la shaba alilikunja kwenye mhimili wa chuma, akalehemu mshono wake, akalisugua mpaka mshono usionekane. Lenzi alizipata nusu tayari kutoka India, akazisugua ndani ya kikombe cha chuma kwa unga wa msasa, wa chenga kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, na mwisho akazing'arisha juu ya lami kwa unga mwekundu wa kutu ya chuma. Lenzi ya mbele ilikuwa ya vioo viwili vya aina tofauti vilivyogandishwa pamoja, ili kitu kisionekane na ukingo wa rangi za upinde wa mvua. Mbinu hiyo ilipewa hataza Uingereza mwaka 1758 kwa jina la John Dollond, mfuma hariri aliyeingia katika duka la vyombo lililofunguliwa London na mwanawe Peter mwaka 1750. Babu aliliheshimu sana jina hilo, kwa kuwa lilichongwa kwenye darubini nyingi za zamani zilizofika mezani kwake. Mara nyingine lilikuja limechongwa "Dolland", kwa a. Hizo alizicheka. "Huyu kaiba jina, na kulisoma hakulisoma."

Nyumba yenyewe ilikuwa kama nyumba zote za mji ule: mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na dari la boriti za mikoko. Boriti ndizo huamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita 3 hivi. Chumba cha mbele kilitazama kaskazini. Mwanga ulikaa sawa toka asubuhi hadi alasiri, na meza ya Babu ilikuwa chini ya dirisha hilo. Nje palikuwa na baraza, na wateja walikaa hapo.

Darubini iliyokwisha ilipandishwa juu ya paa wakati wa magharibi. Jaribio lilikuwa taa ya Chumbe, mnara uliojengwa mwaka 1904 kwenye kisiwa kilicho kiasi cha kilomita 12 kusini mwa mji. Taa ikionekana nukta moja iliyokusanyika, kazi imekwisha. Ikiota ndevu, lenzi zinarudi mezani. Mwisho wa Shaabani watu wa mtaa walipanda paa hilohilo kuutafuta mwezi.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho nilikiona bure mwanzoni, na sasa nakiona ndicho kiini cha kisa kizima. Ndani ya kila droo ya lenzi Babu aliweka kopo dogo la bati lenye matundu, na ndani yake donge la chokaa hai, ile iliyotoka tanuuni kabla ya kutiwa maji. Chokaa hai hunywa unyevu wa hewa. Donge likipasuka na kugeuka unga, limeshiba, anatia jingine. Madonge yalitoka kwenye tanuu lilelile la chokaa ya ukuta.

Kuanzia 1964 hadi Mzee

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa. Hii ilibaki mikononi mwa familia, wakiwa wanaishi humo. Majahazi ya mbali yalipungua, na miaka ya uhaba ikawa, ajabu, miaka mizuri kwa Mzee: hakuna aliyetupa miwani kwa sababu ya skrubu, na hadubini za skuli na zahanati zililetwa zifufuliwe. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, miwani ya bei rahisi ikajaa sokoni Darajani. Mfumo wa satelaiti wa GPS ulipokamilika katikati ya miaka ya 1990, sekstanti ikawa pambo. Mzee alihamia kwenye kamera na darubini za macho mawili za waongozaji watalii. Duka halikutajirisha mtu, ila lilikuwa hai.

Saruji

Miaka michache kabla ya kifo chake, plasta ya chumba cha mbele ilianza kumong'onyoka. Kaka Mdogo akatuma fedha kutoka Dubai. Fundi wa ujenzi aliyeletwa alisema chokaa inataka wiki nyingi kukauka, mafundi wake wamebaki wachache, na masika iko mlangoni. Apige saruji, amalize kwa siku 4, na juu yake apake rangi ya mafuta. Mzee alikubali. Kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe hakikuombwa, kwa hoja kwamba ni plasta tu.

Mwaka wa kwanza ukuta uling'aa. Wa pili ukatoa mstari mweupe wa chumvi, usawa wa goti. Wa tatu rangi ikafura malengelenge, na ukuta ukiugonga kwa kidole ulilia tupu. Kabati la lenzi lilikuwa limeegemezwa hapo.

Katika miaka hiyohiyo makopo ya chokaa nayo yaliondoka. Chokaa hai ilikuwa imekuwa taabu kupatikana karibu, na Mzee akaweka badala yake vile vipakiti vya chembe za kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Hakuna aliyemwambia kwamba chembe hizo nazo hushiba, tena upesi, na lazima zitiwe motoni zikauke ndipo zifanye kazi tena. Nilivikuta vikiwa droo kwa droo, vya miaka.

Kifo cha Mzee na hesabu ya 48

Mzee alifariki bila wasia ulioandikwa. Kwa sheria ya Kiislamu ya mirathi mgawanyo ulikuwa wazi. Mjane ana thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki kinagawiwa watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Kwa familia hii mali inakatwa sehemu 48: Bi Mkubwa 6, kila mtoto wa kiume 14, kila wa kike 7. Hesabu hiyo haikugombewa na mtu.

Ugomvi ulikuwa ni mali gani hasa inayokatwa. Kaka Mkubwa alikuwa amefanya kazi na baba yake zaidi ya miaka 20 bila mshahara. Alikula hapo, akaoa hapo, na kila mtu mtaani akisema "duka lake". Kwa akili yake karakana ilikuwa imeshakuwa yake, na kilichobaki ni nyumba. Kaka Mdogo kwenye simu alisema neno moja ambalo lilimuumiza mwenzake kuliko alivyokusudia: "Kaka, ulipewa lini?" Kutoa hiba, yaani zawadi ya mtu angali hai, ni lazima mtoaji akabidhi na mpokeaji apokee. Kutumia kitu cha baba yako mbele ya baba yako hakukifanyi chako. Na ushirika wa biashara haukuandikwa popote.

Hapo ndipo daftari zilipoingia. Babu aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Mzee kwa za Kirumi: tarehe, mwenye chombo, kibovu nini, kimetengenezwa na nani, bei. Dada ndiye pekee aliyeweza kuzisoma zote. Alikaa nazo ukumbini usiku tatu, mimi nikiandika orodha pembeni. Usiku wa pili alinyamaza kidogo, kisha akanisogezea ukurasa. Mzee alikuwa ameandika kwamba mashine ya kukereza ilinunuliwa kwa fedha ya mwanawe mkubwa, "si ya duka", na chini yake akaorodhesha vifaa vingine viwili kwa maneno hayohayo. Nduguze walikubali bila kufika kwa Kadhi. Mashine na vifaa hivyo vikatolewa kwenye mirathi, na vilivyobaki, pamoja na lenzi zote, vikaingia.

Asubuhi yake tulifungua kabati. Kaka Mkubwa alichukua lenzi moja ya Babu, pana kama kisahani, akaishika kati ya vidole viwili na kuielekeza dirishani kwa mshazari. Katikati ya kioo palikuwa na utando mwembamba wenye matawi, kama wa buibui aliyekanyagwa. Akapumulia, akafuta kwa fulana yake. Utando ukabaki. Akaiweka chini, akachukua ya pili, ya tatu, mpaka droo ikaisha, hasemi kitu. Kati ya droo 9, zilizokuwa salama kabisa zilikuwa 2, zote za upande wa juu uliokuwa mbali na ukuta.

Walichoamua, na kwa nini

Njia zilikuwa tatu mezani. Kuuza nyumba kwa mtu aliyetaka kuigeuza hoteli: Bi Mkubwa alisema, "Nikifa mtauza. Sasa nipo." Mafungu yake ni 6 tu kati ya 48, na mrithi yeyote angeweza kwenda mahakamani kudai chake, lakini hakuna aliyethubutu kumpeleka mama yake huko, na mimi nasema walifanya vyema. Ya pili, kukodisha chini yote na karakana ifungwe: Kaka Mkubwa alikataa. Ya tatu ikapita: chumba cha mbele kikodishwe kwa duka la vitu vya watalii, karakana irudi chumba cha nyuma, na kodi igawanywe kwa mafungu baada ya kutoa matengenezo.

Kwenye karatasi ilionekana haki kwa wote. Kodi ya mbele ndiyo iliyokuwa na thamani, na chumba cha nyuma hakikuwa na mteja. Nilikuwepo na sikupinga. Hakuna kati yetu aliyeuliza kwa nini Babu alikaa mbele.

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja la uani lisilopokea mwanga baada ya saa tano asubuhi, na bomba la choo cha juu lilipita kwenye ukuta wake. Kaka Mkubwa akawa anafanya kazi kwa taa ya umeme, kazi ambayo inataka mwanga tulivu. Baraza likawa la mpangaji. Wateja wa zamani, wazee wengi wao, walifika mlangoni, wakaona vinyago na vikoi, wakadhani duka limekufa, wakaondoka.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa amebakiwa na kazi za skuli mbili. Dada ndiye aliyeitisha kikao cha pili, akiwa na barua mbili za wateja waliouliza kama fundi bado yuhai. Uamuzi wa pili ulikuwa kuipandisha karakana juu, chumba cha kaskazini kilicho chini ya paa, na kodi ya mwaka mzima itumike kubandua saruji na kurudisha chokaa chini. Kaka Mdogo aliafiki upesi kuliko nilivyotarajia. Aliniambia baadaye kwamba aliposikia saruji ndiyo iliyoharibu, hakulala. Ile fedha alikuwa ameituma kwa ajili ya baba yake. Hakuna aliyemlaumu, na hiyo nayo ilikuwa sehemu ya tatizo: kwa miaka mitatu hakuna aliyetaka kusema ukuta unaumwa, kwa kuwa ukuta ulikuwa zawadi.

Matokeo

Safari hii kibali kiliombwa. Kubandua kuliumiza nyumba, kwani saruji ikishashika jiwe la tumbawe huondoka na uso wake, na mahali pengine ilibidi kuziba mashimo ya kina cha ngumi. Chokaa ilipigwa kwa matabaka, ikaachwa ikauke kwa nafasi yake. Masika iliyofuata ukuta ulilowa ukakauka, bila mstari wa chumvi mpya usawa wa goti.

Lenzi zilizokuwa na utando mchanga zilisafishwa kwa mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi na amonia na zikapona. Nyingi hazikupona. Utando huo ni kuvu. Kuvu hutoa tindikali, na tindikali ikishakula uso wa kioo hubaki kovu. Kulisugua ni kuanza lenzi upya na kuibadilisha umbo. Zile za Babu karibu zote ziliishia hapo.

Kaka Mkubwa anafanya kazi. Hadubini za skuli zimerudi, waongozaji watalii wanapanda ngazi kuleta darubini zao, na mara mojamoja mkusanyaji wa vitu vya kale. Kipato hakitoshi nyumba mbili. Mkewe anauza maandazi, tuyaseme yalivyo.

Uchambuzi

Daftari zilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote. Hazikuandikwa kwa ajili ya mirathi. Ziliandikwa ili nahodha asidai darubini ya mwenzake. Lakini kwa kuwa zilikuwa zinaandikwa kila siku, siku ya ugomvi ziliaminika. Karatasi moja ya ushirika kati ya Mzee na mwanawe, yenye mashahidi wawili, ingeziba pengo lililobaki: miaka 20 ya kazi yake haikuhesabiwa popote, na mpaka leo hiyo ni donda.

Kosa la saruji lina undani unaopaswa kuelezwa. Ukuta wa matumbawe hunywa maji kutoka ardhini na hewani, na chokaa huyaacha yatoke. Saruji na rangi ya mafuta huyafungia ndani. Maji hupanda yakitafuta njia, yakibeba chumvi, na chumvi inapoganda nyuma ya plasta huisukuma. Unyevu uliobaki hutokea chumbani. Kuvu la lenzi halihitaji zaidi ya hapo: hewa nzito isiyotembea, giza la droo, na vumbi au alama ya kidole vya kulia. Mikoba ya ngozi ya darubini inalilisha zaidi, nasi tulizikuta nyingi zimefungiwa humo. Familia ilitafuta sababu kwenye lenzi, ikasema ni mzigo mbovu wa India. Ukuta na kopo vilikuwa dawa moja, chokaa, na viliondolewa karibu wakati mmoja na watu waliokuwa na sababu nzuri kila mmoja. Ndiyo maana hakuna aliyeona.

Kuhamia chumba cha nyuma lilikuwa kosa letu sote, mimi nikiwemo. Tuligawa nyumba kwa thamani ya kodi, tukasahau kwamba dirisha la kaskazini lilikuwa kifaa cha kazi kama mashine ya kukereza. Lingeandikwa kwenye orodha yangu ya vifaa, mjadala ungekuwa mwingine. Orodha yangu ilikuwa na bisibisi 31 na haikuwa na dirisha.

Limebaki jina. Mpangaji aliacha kibao cha zamani cha Babu juu ya mlango, kwa kuwa watalii wanakipiga picha. Wanaingia kuuliza darubini, naye akaanza kuuza: za shaba, mpya, nakala zinazoagizwa kutoka India, zimechongwa "Dollond London". Mkataba haukusema lolote kuhusu kibao. Kule London mambo ya jina waliyajua mapema; mpwa wa Peter Dollond, George Huggins, alibadili jina lake akawa Dollond alipoishika biashara, na jina hilo lilihama majengo kadhaa, mwaka 1927 likaungana na la Aitchison, na lilikuwa bado kwenye milango ya maduka ya miwani kampuni ilipounganishwa na nyingine mwaka 2009. Hapa jina lilibaki chini, fundi akapanda juu.

Nakala hizo hulegea lenzi haraka, na wanunuzi wengine wanaelekezwa ghorofani. Mara ya mwisho nilipopita Kaka Mkubwa alikuwa na mbili mezani. Alizifungua, akaniwekea moja jichoni nitazame ukingo wa rangi, kisha akaandika kwenye daftari: darubini mpya, kioo kimoja, bei ya kukaza tu. Mkataba wa mpangaji unaisha baada ya masika. Dada ameshaandika rasimu ya mpya, na kifungu cha kibao ndicho cha kwanza.